Neno "Sugu" Linamponza Mkulima

Kuna neno moja la Kiswahili ambalo limepewa kazi kubwa kuliko uwezo wake. Neno hilo ni "sugu". Utalikuta kwenye mifuko ya mbegu, kwenye vipeperushi vya kilimo, kwenye vibao vya vitalu vya miche kando ya barabara na midomoni mwa watangazaji wa vipindi vya wakulima: mbegu sugu, miche sugu, aina sugu kwa magonjwa. Mkulima analisikia, analipa, anapanda, na anaamini kwamba shauri limekwisha. Mimi nasema halijakwisha. Nasema kwamba neno hili, kwa jinsi linavyotumiwa, linaficha jambo la msingi kabisa kuhusu namna mmea unavyopambana na kuvu, na anayelipia ufichaji huo ni mkulima.

Najua swali litakaloulizwa: mwanafunzi wa Kiswahili ametoka wapi na habari za kuvu? Nimetoka kwenye kahawa. Ada yangu tangu darasa la kwanza ilitoka kwenye mibuni ya Robusta hapa Uganda, na nyumbani kwetu kauli ya mgani hupimwa kwa shilingi. Lakini hata nisingekuwa mtoto wa mkulima, maana ya neno ni kazi yangu. Mwanafunzi wa lugha anayenyamaza wakati neno linatumiwa kuahidi lisiloweza kutimizwa hana tofauti na mlinzi aliyelala getini.

Tulitazame neno lenyewe. Sugu ni ile ngozi ngumu inayojijenga mahali panaposuguliwa mara kwa mara, kama kiganja cha mshika jembe. Kutoka hapo tukapata ugonjwa sugu, deni sugu, mhalifu sugu. Katika matumizi yote hayo, sugu ni kitu kilichokomaa kikashindikana. Tunapolipachika neno hilo kwenye mbegu tunamwambia mkulima mambo matatu kwa mkupuo: kwamba ugumu umo ndani ya mbegu yenyewe, kwamba ni wa kudumu, na kwamba ni dhidi ya kila ugonjwa. Yote matatu si kweli. Nitayachukua moja baada ya jingine.

La kwanza: kwamba ugumu umo ndani ya mbegu.

Mmea hauna damu wala chembe nyeupe zinazozunguka mwilini kumsaka adui. Kila seli lazima ijilinde pale pale ilipo. Ukuta wa kuvu umejengwa kwa kitini, dutu ileile iliyomo katika gamba la mende na la kamba wa baharini, na mmea wenyewe hauna kitini. Kwa hiyo spora inapoangukia jani na kuchipua, mmea hutoa vimeng'enya vinavyoumega ukuta wa kuvu, na vipokezi vilivyo juu ya seli huvitambua vipande vya kitini kama nyayo za mgeni. Hapo seli hupiga mbiu. Hutoa kemikali kali za oksijeni, hunenepesha ukuta wake mahali panaposhambuliwa, na huandaa sumu za kudhuru kuvu. Kinga hii ya mlangoni ndiyo mojawapo ya sababu zinazofanya kuvu nyingi mno zishindwe kabisa kuugusa mmea fulani, na hatuzipi hata majina.

Lakini kuvu chache zilizolizoea zao husika zina majibu yake. Kuvu inayoleta ukungu wa majani ya nyanya humwaga protini inayovishika vipande vya kitini na kuvificha ili vipokezi visivione. Kuvu za kutu huenda mbali zaidi. Hutoboa ukuta wa seli na kuingiza kiungo cha kunyonya bila kuiua seli hiyo, na kupitia kiungo hicho hupeleka protini za hila zinazozima mbiu huku kuvu ikijilia chakula cha mwenyeji. Mmea nao haukukaa bure. Ndani ya seli kuna walinzi wa pili, ambao ni protini zinazotengenezwa kwa maagizo ya jeni za ukinzani. Kwa kawaida kila mlinzi wa aina hii anaijua protini moja ya hila, au chache tu. Akiikuta, seli hujiua. Kwa kuwa kutu haiwezi kuishi isipokuwa kwa kunyonya seli hai, kifo cha seli ni njaa kwake, na jani zima huokolewa na vidoa vidogo vya seli zilizojitoa mhanga.

Mmarekani Harold Flor, aliyekuwa akichunguza zao la kitani na kutu yake, alionyesha tangu miaka ya 1940 kwamba kwa kila jeni ya ukinzani katika mmea kuna jeni inayolingana nayo katika kuvu. Ukinzani hutokea pale tu wawili hao wanapokutana. Hili ndilo jambo ambalo neno "sugu" linalifukia. Ukinzani wa namna hii si mali ya mbegu kama ilivyo rangi yake au uzito wake. Ni uhusiano kati ya wawili, na mmoja wao hatukumnunua dukani. Kuvu haihitaji kuwa na nguvu zaidi ili ishinde. Inahitaji tu isitambulike. Ikibadilisha kidogo ile protini, au ikiipoteza kabisa, mlinzi anabaki mzima, macho wazi, yuko kazini, ila hana anachokiona. Mbegu haijabadilika hata kidogo. Mfuko ni uleule, bei ni ileile, na neno "sugu" bado limeandikwa pale pale.

La pili: kwamba ugumu huo ni wa kudumu.

Hapa jina la nchi yangu limeingia katika historia ya ngano ya dunia, na si kwa sifa. Mwaka 1998, katika kituo cha utafiti cha Kalengyere kwenye nyanda za juu za kusini-magharibi mwa Uganda, ngano yenye jeni ya ukinzani iitwayo Sr31 ilionekana imejaa vipele vya kutu ya shina. Ukoo huo wa kuvu ulipotambuliwa mwaka uliofuata ukaitwa Ug99. Jeni ya Sr31 ilikuwa imechukuliwa kutoka kwenye nafaka jamaa ya ngano inayolimwa nchi za baridi, ikaingizwa katika ngano za mabara mengi, nayo ilifanya kazi vizuri kwa miongo kadhaa. Kwa sababu ilifanya kazi vizuri, kila mtu aliitaka. Kwa sababu kila mtu aliitaka, sehemu kubwa ya ngano ya dunia ikawa inamtegemea mlinzi mmoja. Mwaka 2005 Norman Borlaug, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1970 kwa kazi yake ya ngano, alisimama uzeeni kuionya dunia. Kufikia 2007 Ug99 ilikuwa imekwisha kupita Kenya, Ethiopia, Sudan na Yemen, na imefika Iran.

Uganda hailimi ngano nyingi, na pengine ndiyo maana kisa hiki hatukitaji sana. Majirani zetu wa Kenya wanakijua vizuri zaidi. Baada ya Sr31 kuanguka, wakulima walitegemea aina zenye walinzi wengine. Mwaka 2006 huko Kenya ukaonekana ukoo wa Ug99 unaoipita Sr24, na mwaka uliofuata ngano ya Kenya Mwamba, iliyoitegemea jeni hiyo, ikaumia. Mwaka huohuo wa 2007 ukaonekana ukoo unaoipita Sr36. Ikaja aina ya Robin, ikapendwa sana, na kufikia 2014 nayo ikawa imeanguka. Nchini Ethiopia wakulima wengi walihamia ngano ya Digalu baada ya kupigwa na kutu ya manjano mwaka 2010. Mwishoni mwa 2013 ukoo mwingine wa kutu ya shina, usio wa nasaba ya Ug99, ukaiteketeza Digalu mashambani. Robin na Digalu zilikuwa na majina tofauti na mifuko tofauti. Mlinzi aliyezikinga dhidi ya kutu ya shina alikuwa mmoja, jeni iitwayo SrTmp. Mkulima aliyehama kutoka mbegu moja "sugu" kwenda nyingine angeweza kuwa amebadilisha sare ya mlinzi tu.

Wala tusidhani kuvu inabahatisha kwa kungoja ajali ndogo katika jeni zake. Kuvu ya kutu hubeba viini viwili katika kila seli. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kimoja kati ya viini viwili vya Ug99 kinafanana kabisa na kiini cha ukoo wa zamani uliojulikana kusini mwa Afrika na Australia kwa miongo mingi. Maana yake koo mbili zilikutana, zikabadilishana viini, na mzao wao akatoka na uwezo ambao dunia haikuutarajia. Na kila kipele cha kutu hutoa maelfu ya spora, na spora hupanda upepo. Ukiwawekea mamilioni ya wasafiri hao mlango mmoja wenye kufuli moja, usishangae mmoja wao akija na ufunguo.

Sasa linganisha na kinga ya aina nyingine. Zipo jeni za ngano ambazo haziui kutu, bali huichelewesha. Sr2 iliingizwa katika ngano ya mkate huko Marekani katika miaka ya 1920 na mpaka leo inasaidia. Lr34, ambayo wanasayansi waliibaini muundo wake mwaka 2009, haina umbo la mlinzi anayeitambua protini fulani. Hutengeneza protini inayopitisha vitu kwenye utando wa seli, na imetumika kwa takriban miaka 100 bila kuvu kuipata njia. Ngano yenye jeni kadhaa za jinsi hii huota kutu, lakini kwa uchovu: vipele vichache, vidogo, vilivyochelewa. Ngano ya Kingbird, iliyofika mashambani Kenya na Ethiopia, inasifika kwa kinga ya namna hiyo. Mavuno yanabaki, na kuvu haijashinikizwa kubadilika.

Hapo ndipo neno "sugu" linapofanya uovu wake mkubwa kuliko wote. Mkulima aliyefundishwa kwamba mbegu nzuri ni sugu, akiona vipele vichache kwenye shina anasema ameuziwa mbegu mbovu. Anaikataa na kuikimbilia ile isiyo na doa hata moja. Lakini ile isiyo na doa mara nyingi ndiyo yenye mlinzi mmoja mkali, na ndiyo itakayoanguka yote kwa msimu mmoja. Lugha yenye maneno mawili tu, sugu na isiyo sugu, inamsukuma mkulima aichague kinga ya muda na kuitupa kinga ya kudumu. Hili si kosa la kisarufi la kusahihishwa kwa wino mwekundu. Ni hasara ya gunia.

La tatu: kwamba ni sugu dhidi ya kila kitu.

Katika miaka ya 1940 wakulima wa Marekani walipanda kwa wingi oti zilizorithi ukinzani dhidi ya kutu kutoka kwa oti iitwayo Victoria. Kutu ilishikwa kweli. Lakini ikatokea kuvu nyingine, ambayo tofauti na kutu haihitaji seli hai. Hiyo hula seli zilizokufa. Kuvu hiyo ilitoa sumu iliyomchokoza mlinzi yuleyule wa oti, naye akafanya alichofundishwa: akaamuru seli zijiue. Kila seli iliyojiua ilikuwa mezani kwa mgeni. Oti zilizokosa mlinzi huyo hazikudhurika. Zilizokuwa naye ziliteketea. Basi mlinzi anayekufaa kwa mwizi mmoja anaweza kuwa ndiye anayemfungulia mwingine. Mfuko ungeandika nini hapo? Sugu?

Nije nyumbani. Mnyauko wa kahawa husababishwa na kuvu ya jamii ya Fuzari, ambayo huingia kwenye mbuni, hasa penye jeraha, na kuziba mirija ya maji mpaka mti unakauka ukiwa na matunda yake. Ulionekana kwanza mwaka 1927 katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati, ukasumbua Afrika ya Kati na Magharibi, ukazimwa kwa kung'oa na kuchoma miti na kupanda mibuni iliyoonekana kuwa na ukinzani. Watu wakaamini umekwisha. Kuanzia miaka ya 1970 ukaibuka tena nchini Zaire, na mwaka 1993 ukaonekana Bundibugyo, upande wetu wa mpaka. Katika muda wa takriban miaka 10 ulikuwa umeangamiza karibu nusu ya mibuni ya Robusta ya Uganda. Watafiti wetu walifanya kazi ya kuheshimiwa: walitafuta mibuni iliyokinza mnyauko, wakaijaribu, wakatoa aina saba za kwanza ziitwazo KR, kuanzia KR1 hadi KR7.

Angalieni kwamba walitoa saba, si moja. Robusta haijichavushi yenyewe. Mbuni wa aina moja huhitaji chavua ya mbuni wa aina nyingine ili uzae. Kwa hiyo shamba la KR linapaswa kuwa la mchanganyiko kwa sababu ya uzazi, na mchanganyiko huo huo ni kinga. Lakini mwaka jana muuza miche mmoja aliwashauri wazazi wangu wachukue aina moja tu, ile aliyoiita "sugu kuliko zote", wajaze shamba lote. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anafuata mantiki ya neno. Kama kitu ni sugu, cha nini kuchanganya? Na miche hiyo hiyo ambayo kibao kinaiita sugu hutobolewa vijitawi na yule mdudu mweusi mdogo anayesumbua Robusta yetu, kwa sababu ukinzani wake ni dhidi ya mnyauko. Kibao hakisemi "dhidi ya mnyauko". Kinasema "sugu", halafu kinanyamaza.

Wenzetu wa Amerika ya Kusini na ya Kati wametupa somo la kahawa kwa pande zote mbili. Nchini Kolombia, kutu ya kahawa ilipofika mwaka 1983, tayari watafiti walikuwa wametoa aina ya kahawa ambayo kwa makusudi ni mkusanyiko wa nasaba nyingi zilizochanganywa katika mbegu moja. Kutu ilipovuma tena kuanzia 2008, aina za zamani ziliumia, na mashamba ya mchanganyiko ule yalisimama. Nchini Honduras wakulima wengi waliitegemea aina ya Lempira, na mwaka 2017 ikatangazwa kwamba haihimili tena kutu. Zote mbili zilipata ukinzani wake kutoka kwenye chotara ya Timor, yaani Arabika iliyochanganyika yenyewe na Robusta. Chanzo kimoja, lakini njia mbili za kukitumia.

Na si kahawa peke yake. Katika jimbo la Yunnan nchini China, wakulima walipanda mistari ya mpunga wa kunata, ambao huugua sana ugonjwa wa blasti, katikati ya mpunga chotara wenye ukinzani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba makali ya blasti kwenye mpunga ule wa kunata yalipungua kwa asilimia 94 kulinganisha na ulipopandwa peke yake. Hakuna aliyevumbua jeni mpya. Kuvu ilikuta majirani wasiofanana, ikakosa njia ya kupita kutoka mmea hadi mmea.

Basi tuseme nini badala ya "sugu"? Lugha yetu ina neno tayari, tena liko jikoni. Mseto ni mchele na choroko katika chungu kimoja. Tuna kilimo mseto, tuna serikali ya mseto, na klorokwini iliposhindwa na vimelea vya malaria tukapata dawa mseto, nayo kila mama anayepeleka mtoto zahanati anaielewa. Tuseme *kinga mseto*: mbegu yenye walinzi kadhaa kwa pamoja, au walinzi pamoja na jeni za kuchelewesha, au shamba lenye aina kadhaa. Na ile nyingine tuiite jina lake la kweli, *kinga ya mlinzi mmoja*. Mkulima akisikia "mlinzi mmoja" atauliza bila kufundishwa: na akilala?

Wapo watakaopinga. Wa kwanza atasema mkulima hahitaji biolojia. Anahitaji neno fupi la kumfanya anunue mbegu bora. Jibu langu ni kwamba watu wetu wamekwisha kuonyesha wanaelewa mantiki hii. Nchini Uganda mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI anajua kwa nini anameza dawa zaidi ya moja kwa pamoja, na anajua kwa nini asiruke dozi. Kama mtu anaweza kuelewa hilo kuhusu damu yake, anaweza kulielewa kuhusu mibuni yake. Anayesema mkulima hawezi kuelewa kwa kawaida hajajaribu kumweleza.

Wa pili atasema uhandisi wa jeni utamaliza shida hii, tusubiri. Ni kweli kwamba mwaka 2021 wanasayansi walitangaza ngano waliyoiwekea jeni tano za ukinzani zikiwa zimeunganishwa pamoja, nayo ikazuia koo nyingi za kutu ya shina. Mimi siipingi kazi hiyo. Ni kinga mseto kwa njia nyingine. Lakini hebu tufikiri. Kama jeni hizo tano zitauzwa pia moja moja katika mbegu nyingine zilizoandikwa "sugu", kuvu itajifunza kumkwepa mlinzi wa kwanza katika shamba hili, wa pili katika shamba lile, na itakapofika kwenye ngano ya jeni tano itakuta baadhi ya kufuli imekwisha kuzifungua. Teknolojia haiondoi hitaji la kumwambia mkulima ukweli. Inaliongeza.

Wa tatu, na huyu nimemsikia ndani ya kumbi zetu za mihadhara, atasema Kiswahili hakina msamiati wa mambo haya, na kwamba kazi yetu ni riwaya, ushairi na fonolojia. Kwa huyo sina maneno mengi. Ameusoma ukurasa huu mpaka hapa. Tumepita kwenye vipokezi, protini za hila, viini viwili na seli zinazojiua, na hatukuhitaji kuazima sentensi hata moja. Lugha haikosi msamiati kwa kuzaliwa. Hukosa kwa kutotumwa kazini. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha pendekezo kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Kama watoto wetu watajifunza Kiswahili cha salamu na methali peke yake, huku mfuko wa mbegu ukiwadanganya kwa Kiswahili hichohicho, tutakuwa tumewapa nini?

Sisemi kwamba mbegu zenye ukinzani hazifai. Zimeokoa watu wengi. Ug99 haikuleta njaa iliyohofiwa kwa sehemu kubwa kwa sababu kila mwaka maelfu ya mistari ya ngano kutoka nchi nyingi hupandwa Njoro, Kenya, mahali ambapo kuvu hiyo imejaa, na ile inayosimama huchaguliwa. Hiyo ni kazi ya kuinamiwa kichwa. Na walioifanya ndio wa kwanza kujua kwamba ushindi wao una muda, ndiyo maana wanarudi Njoro kila msimu. Sasa kama watafiti wenyewe hawaamini kwamba mbegu ni sugu milele, kwa nini ujumbe ukimfikia mkulima uwe umegeuka kuwa ahadi ya milele? Umeharibikia njiani, katika tafsiri. Na tafsiri ni ukumbi wetu.

Kwa hiyo nataka mambo matatu. Nataka kila mfuko wa mbegu na kila kibao cha miche kitaje ukinzani ni dhidi ya ugonjwa gani, na kama ni wa mlinzi mmoja au ni mseto. Nataka vipeperushi vya kilimo vinavyoandikwa kwa Kiswahili vipitiwe na watu wawili, anayejua kuvu na anayejua lugha, kabla havijachapishwa. Na nataka idara zetu za Kiswahili ziruhusu, hata zihimize, tasnifu kuhusu lugha ya kilimo: maneno gani mkulima anaambiwa, anayaelewaje, na anafanya nini baada ya kuyaelewa hivyo. Wanafunzi wenzangu wanaohangaika kutafuta mada ambayo haijaandikwa mara 40, hii hapa.

Na kama bado tunalipenda neno "sugu", tulitumie panapolistahili. Sugu hujijenga mahali palipo na msuguano wa jambo lilelile, siku baada ya siku. Tukiisugua kuvu kwa jeni moja ileile, msimu baada ya msimu, shamba baada ya shamba, sugu itaota. Itaota upande wa kuvu.